Skrubu za Nailoni: Pale Zinapofaa na Pale Zinapokuponza

Katika Kiswahili cha kila siku neno "nailoni" limebebeshwa mzigo usio wake. Mifuko myepesi ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019 tulizoea kuiita mifuko ya nailoni, ilhali ilitengenezwa kwa polithini, plastiki ya ukoo mwingine kabisa. Nailoni yenyewe, ile iliyopatikana kwa mara ya kwanza mwaka 1935 katika maabara ya kampuni ya DuPont nchini Marekani chini ya mkemia Wallace Carothers, ni plastiki ngumu, yenye utelezi kidogo, inayovumilia mafuta na petroli, na aina yake inayotumika zaidi kutengenezea skrubu, yaani nailoni 6/6, huyeyuka kwenye joto la nyuzi 260 hivi za Selsiasi. Mvuvi wa pwani huenda anaijua kuliko fundi wa mjini, kwa sababu mshipi wake mara nyingi ni wa nailoni, naye ameshaona kwamba mshipi uliolowa hunyumbuka kuliko mkavu, na kwamba ukiachwa na uzito kwa muda mrefu hurefuka. Mambo hayo mawili, kunywa maji na kurefuka chini ya mzigo, ndiyo yanayoamua kama skrubu ya nailoni itafaa kwenye kifaa chako au itakuponza.

Mnunuzi anayesimama mbele ya kaunta ya duka la vifaa vya elektroniki, iwe Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi, kwa kawaida huuliza swali moja: je, hii ya plastiki ina nguvu ya kutosha? Swali hilo si baya, lakini halimfikishi mbali, kwa sababu linaichukulia skrubu ya nailoni kuwa ni ndugu mnyonge wa skrubu ya chuma, anayefanya kazi ileile kwa nguvu ndogo zaidi. Ukweli ni kwamba hizi mbili hufanya kazi tofauti. Skrubu ya chuma inapokazwa hurefuka kidogo mno, kama springi ngumu, na mvutano huo wa kutaka kurudi katika urefu wake ndio unaovibana vitu viwili pamoja. Mradi mvutano upo, viungo havitikisiki wala nati hailegei. Skrubu ya nailoni nayo hurefuka, tena kwa urahisi zaidi, ila haiutunzi mvutano huo. Ukiikaza leo, sehemu kubwa ya nguvu ya kubana hupotea katika saa na siku za mwanzo, kwa kuwa plastiki yenyewe inajipanga upya ndani na kuukubali urefu mpya. Kwa hiyo skrubu ya chuma hubana, na ya nailoni hushikilia kitu kisitoke mahali pake. Anayeielewa tofauti hiyo ameshamaliza nusu ya kazi ya kuchagua.

Tuanze na hesabu ya nguvu, ili tuiweke pembeni mapema. Skrubu ya ukubwa wa M3, yaani yenye kipenyo cha milimita 3, ina eneo la kubeba mzigo la milimita za mraba 5 hivi baada ya kuondoa kina cha hesi, yaani mifereji inayoizunguka. Nailoni kavu hukatika kwenye mkazo wa takriban megapaskali 80 (kama kilo 8 kwa kila milimita ya mraba), na iliyozoea hewa yenye unyevu wa kawaida hukaribia 50. Ukizidisha, unapata kwamba M3 ya nailoni hukatika ikivutwa kwa uzito wa kilo 40 ikiwa kavu, na kilo 25 hivi ikiwa imenywa unyevu, wakati M3 ya chuma cha daraja la 8.8 hustahimili zaidi ya kilo 400. Tofauti ni kubwa, lakini jiulize bodi ya saketi ina uzito gani. Nyingi hazifiki gramu 100, na hushikiliwa na skrubu nne. Hata ukichukua sehemu ya kumi tu ya nguvu ya kukatika, kama inavyopasa kwa mzigo wa kudumu, bado skrubu nne zina akiba tele. Nguvu ya kubeba uzito, basi, si mara nyingi ndiyo inayoikwamisha nailoni katika elektroniki.

Kinachoikwamisha kinaonekana vizuri zaidi kwenye transista za nguvu. Niliwahi kuletewa amplifaya ya ukumbini iliyokuwa ikikata sauti kila baada ya nusu saa ya muziki, ikipoa inarudi, ikipata moto inakata tena. Nilipoifungua nilikuta mtu aliyeitengeneza kabla yangu amefunga transista zote nne kwenye bamba la aluminiamu la kupozea kwa skrubu nyeupe za nailoni. Niliigusa ya kwanza kwa ncha ya kidole, bila bisibisi, ikazunguka. Chini ya transista kijikaratasi cha mika, kinachozuia umeme lakini hupitisha joto, kilikuwa kimeacha alama ya duara ya kahawia upande mmoja tu, ule uliokuwa bado unagusa bamba. Upande wa pili palikuwa na upenyo ambao ungeweza kupitisha ukucha.

Kosa la fundi yule lilitokana na nia njema. Bati la chuma lililo mgongoni mwa transista mara nyingi lina umeme: kwenye mosfeti (aina ya transista) kama IRFZ44N limeunganishwa na mguu wa kati, yaani dreni, na kwenye kidhibiti volti cha LM317 limeunganishwa na upande unaotoa umeme. Ukiipitisha skrubu ya chuma moja kwa moja, bamba zima la kupozea linapata umeme huo, na ukifunga transista mbili zenye volti tofauti kwenye bamba moja unasababisha shoti. Nailoni ni kihami, yaani haipitishi umeme, kwa hiyo inaonekana kutatua tatizo lote kwa pigo moja. Lakini kazi ya skrubu hapo si kuhami peke yake. Inatakiwa kuigandamiza transista kwenye bamba kwa nguvu isiyopungua, ili joto lipite, na inatakiwa kufanya hivyo penye moto. Nailoni huanza kupoteza ugumu wake mbali sana chini ya joto la kuyeyuka. Ikiwa kavu huanza kulegea mnamo nyuzi 60, na ikiwa imenywa unyevu huanza mapema zaidi. Tena hutanuka kwa joto mara tatu hadi nne kuliko aluminiamu na mara sita au zaidi kuliko chuma, maana yake ni kwamba kifaa kinapochemka skrubu hurefuka kuliko kile inachokibana, na kubana kunapungua wakati ule ule kunapohitajika zaidi. Transista inapata moto kwa sababu skrubu imelegea, na skrubu inalegea zaidi kwa sababu transista imepata moto.

Njia sahihi pale ni skrubu ya chuma inayopitishwa ndani ya washa ya kihami yenye shingo, ile inayozama ndani ya tundu la transista ili chuma kisiguse bati, pamoja na washa ya springi itakayofidia kulegea kokote. Washa hiyo ya shingo nayo isiwe ya nailoni tupu ikiwa joto ni kali. Zipo za plastiki zilizochanganywa na nyuzi za kioo ambazo hazibonyei haraka. Kilicho bora kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni kibanio cha springi kinachoikandamiza transista katikati ya mwili wake, kisichopita katika tundu lolote. Kwa kidhibiti volti cha 7805, ambacho bati lake ni hasi, mara nyingi hakuna haja ya kihami chochote: tumia skrubu ya chuma na umalize.

Sasa tugeukie mahali ambapo nailoni inastahili sifa. Geuza bodi yoyote ya bei nafuu na utazame pembezoni mwa matundu yake ya kufungia. Kichwa cha skrubu ya M3 kina upana wa karibu milimita 6, na ukiongeza washa unafika milimita 7, lakini mchoraji wa bodi kwa kubana nafasi amepitisha njia ya shaba milimita 1 tu kutoka ukingo wa tundu. Rangi ya kijani inayoifunika shaba hiyo si kihami cha kutegemewa; ni ngozi nyembamba ambayo kichwa cha chuma kikizungushwa juu yake mara mbili tatu huikwangua. Kwenye bodi ya Arduino Uno lipo tundu moja lililo karibu mno na soketi ya pini, kiasi kwamba kichwa cha kawaida cha skrubu hukwama au huegemea soketi. Skrubu ya nailoni hapo haina hatari ya kuunganisha kitu na kitu, na kichwa chake kikizidi unaweza kukipunguza kwa kisu cha kukatia karatasi, jambo ambalo huwezi kulifanya kwa chuma bila tupa na jasho.

Faida hiyo huwa kubwa zaidi kwenye bodi zinazopokea umeme wa gridi wa volti 230 au 240, kwa mfano chaja na vifaa vya kugeuza umeme. Kati ya upande wenye umeme huo na upande anaougusa mtumiaji lazima pawe na umbali wa milimita kadhaa, hewani na juu ya uso wa bodi, na skrubu ya chuma iliyowekwa katikati inaula umbali huo kana kwamba bodi imefupishwa. Ya nailoni haiuli. Hata hivyo tahadhari mbili zinahitajika. Uwezo wa nailoni wa kuhami hushuka inapolowa, hivyo isitegemewe peke yake mahali panapotiririka maji. Na nailoni ya kawaida isiyo na dawa ya kuzuia moto, katika kipimo cha UL 94, kinachopima jinsi plastiki inavyowaka, huwekwa daraja la V-2, daraja linaloruhusu matone yanayowaka kudondoka kabla moto haujazimika. Ukitengeneza kifaa kitakachoachwa kimechomekwa usiku kucha katika nyumba ya mtu, tafuta skrubu zenye daraja la V-0, lisiloruhusu matone hayo.

Wanaounda droni wana sababu zao tatu za kuipenda nailoni, na zote ni za kweli. Ya kwanza ni uzito: nailoni ina uzito wa gramu 1.14 kwa kila sentimita moja ya ujazo, chuma gramu 7.85, kwa hiyo M3 ya urefu wa milimita 10 ambayo kwa chuma ina uzito wa karibu gramu 0.7 inashuka hadi kama gramu 0.1. Mtu anayejitahidi chombo chake kisivuke gramu 250, kiwango ambacho sheria za Marekani hukitumia kutenganisha droni za burudani zinazohitaji kusajiliwa na zisizohitaji, atafurahia kuokoa gramu 10 kwenye skrubu kumi na sita. Ya pili ni dira. Droni huujua upande wa kaskazini kwa kipimasumaku kidogo, na skrubu ya chuma iliyo sentimita moja kutoka kwake huipotosha. Nailoni haina usumaku wowote. Zisizoshika kutu za chuma cha pua hudhaniwa kuwa salama, lakini hesi zake zikifinyangwa baridi kiwandani hupata usumaku kidogo, na kidogo hicho kinatosha kuipotosha dira. Ya tatu ni ajali. Warukaji wa ndege za mfano wamekuwa kwa miaka mingi wakifunga mabawa kwa bolti za nailoni makusudi, ili ndege ikigonga ardhi bolti ikatike na bawa libaki zima. Katika kazi hiyo udhaifu ndio sifa inayonunuliwa, na anayeibadilisha bolti hiyo kwa chuma "ili isikatike tena" anahamisha mpasuko kutoka kwenye bolti ya bei ya chini hadi kwenye bawa.

Kuhusu maji, nailoni 6/6 ikizamishwa mpaka ishibe hunywa zaidi ya asilimia 8 ya uzito wake, na katika hewa yenye unyevu wa asilimia 50 hutulia kwenye asilimia 2.5 hivi. Ikinywa hulainika, huvimba kidogo na huwa ngumu kuvunjika. Ikikauka hukakamaa na huwa kama kijiti. Fundi wa Mombasa au Unguja atalalamika kwamba skrubu zake zinanyumbuka, na fundi wa Dodoma katika miezi ya kiangazi atalalamika kwamba vichwa vinachomoka, na wote wawili watakuwa wamenunua bidhaa ileile. Skrubu zilizotoka tu kwenye mfuko uliofungwa kiwandani mara nyingi ni kavu kupita kiasi. Dawa yake ni ya jikoni: ziweke kwenye maji ya moto, zikae saa chache, kisha uzianike zipate hewa siku moja kabla ya kuzitumia. Nilikuwa silitilii maanani jambo hili hadi nilipokata vichwa vitano mfululizo kutoka mfuko mmoja, nikalowesha zilizobaki, na hakuna hata kimoja kilichokatika tena.

Huko huko pwani nailoni ina faida ambayo chuma hakiwezi kuidai, nayo ni kutoshika kutu. Skrubu ya chuma iliyofungwa kwenye kasha la aluminiamu karibu na bahari hutengeneza, pamoja na chumvi ya hewani, kitu kinachofanana na betri ndogo, na aluminiamu ndiyo inayoliwa. Skrubu ya plastiki hukomesha jambo hilo. Lakini jua ni adui yake: nailoni nyeupe iliyowekwa nje hugeuka manjano na kuwa rahisi kuvunjika, hivyo kwa antena au kasha la juu ya paa chagua nyeusi, yenye masizi ya kaboni ndani, na hata hiyo uikague. Asidi ya betri za risasi nayo huila. Kwa hiyo usiitumie kwenye kasha la betri za sola za aina hiyo; tafuta skrubu za polipropilini, au za PVDF ikiwa bajeti inaruhusu.

Lipo kosa moja ambalo nimelikuta kwa watu makini kabisa, na linatokana na kudhani kwamba kuhami ni jambo jema siku zote. Tazama pete ya shaba iliyozunguka matundu ya kufungia kwenye bodi kuu ya kompyuta, na kwenye bodi nyingi za redio na za kupimia. Pete hiyo imewekwa ili skrubu ya chuma iiunganishe bodi na kasha, na muunganiko huo ndio unaozima kelele za mawimbi na kuteremsha umeme tuli unaotoka mikononi mwa mtumiaji. Ukibadilisha skrubu na spesa (vijiti vinavyoinua bodi) zote kuwa za nailoni, bodi itafanya kazi, lakini vivumo vitaanza kusikika kwenye spika, au kifaa kitajizima mtu akigusa soketi ya nje wakati wa ukame. Pete ikiwa tupu, yenye shaba inayong'aa, tumia chuma. Tundu likiwa limefunikwa na rangi, au lina njia za shaba jirani, nailoni inaruhusiwa.

Kuchagua ukubwa ni kazi fupi, ila ina mtego mmoja. Bodi ya Raspberry Pi ina matundu ya milimita 2.7 na huhitaji M2.5, Arduino Uno ina ya milimita 3.2 na huhitaji M3. Bodi nyingi za kuongozea droni zina matundu ya M3 yaliyopishana kwa milimita 30.5. Mtego uko kwenye skrubu za inchi. Skrubu ya 6-32 inayotumika kwenye makasha ya kompyuta ina kipenyo cha milimita 3.5, na ya 4-40 ina milimita 2.84, inayokaribiana mno na M3 lakini yenye hesi zilizotawanyika zaidi. Chuma ukikiingiza kwenye hesi isiyo yake hugoma baada ya mzunguko mmoja na kukuonya. Nailoni haigomi, inajikunja, inajichonga hesi mpya, na inakupa hisia kwamba imekaa vizuri, kumbe imebaki na nusu ya nyama yake. Ikiwa skrubu mpya inaingia kwa ugumu ulio sawa tangu mzunguko wa kwanza hadi wa mwisho, itoe uitazame: hesi zikiwa zimepakwa weupe na kulala upande mmoja, si ya hapo. Na ikiwa unatilia shaka kwamba ulichouziwa ni nailoni, idondoshe kwenye glasi ya maji, uisukume chini ili mapovu yatoke. Nailoni huzama, polipropilini huelea.

Katika kukaza, shika bisibisi ndogo kwa vidole viwili na usitumie kiganja. Kichwa kikishagusa, ongeza robo ya mzunguko, uache. Usitumie gundi ya kufungia nati inayouzwa kwa ajili ya chuma, kwa sababu hukauka kwa kukutana na chuma, na kati ya plastiki na plastiki hubaki majimaji. Pia baadhi ya plastiki za kasha hupasuka zikiguswa nayo. Tone la rangi ya kucha juu ya nati linatosha. Na unapolehemu karibu, kumbuka kwamba ncha ya chuma cha kulehemu iko kwenye nyuzi 350, karibu nyuzi 90 juu ya joto la kuyeyusha nailoni, na kwamba kuigusa spesa mara moja kunaacha kovu linaloinamisha bodi.

Kichwa kikikatika na kiwiliwili kikabaki tundoni, usikimbilie keekee. Pasha moto ncha ya bisibisi bapa ya zamani, isiyo na thamani, uibonyeze taratibu katikati ya kisiki mpaka izame milimita moja, kisha uiache hapo bila kuizungusha hadi ipoe kabisa, pengine nusu dakika. Plastiki itakuwa imeushika ule ubapa. Ukizungusha sasa kinyume cha saa, kisiki hutoka kizima, na hesi za tundu hubaki kama zilivyokuwa.